Lamu Hakuna Mathree ya Kurudi Tena

Niwaambie kitu na msinitusi. Ile picha yangu yenye laiki nyingi kuliko zote, ile nimevaa dera la manjano pale Shela na bahari nyuma yangu, nilipigwa nikiwa na shilingi 340 kwa simu na nimetoka tu kulia chooni. Tangu mwaka juzi mnaniuliza kwa inboksi, "Sis, hiyo safari ilikula ngapi?" Jibu la kweli ni kwamba mimi sikutoa hata ndururu. Na hiyo ndiyo ilikuwa shida.

Nauliza tuongee leo kwa sababu ni Njaanuari, kila mtu hapa Tena amesota, lakini tayari nasikia mipango ya Februari 14. Juzi kwa saluni dada mmoja anasema jamaa yake anampeleka Zanzibar. Nikamuuliza, wewe unabeba ngapi? Saluni nzima ilinicheka. "Nibebe pesa na napelekwa?"

Sawa, cheka. Maoni yangu ni haya, na najua kuna watu watatoka kwa hii peji leo: dada, kama huna nauli yako ya kurudi, usivuke maji na mwanaume. Na wewe kaka, kama huwezi kumwambia mpenzi wako unalipwa ngapi, usimpeleke popote penye boti.

Kenya tumefanya fare kuwa mchezo. Anatuma, unakula, unazima simu, mtandao unacheka wiki nzima. Hata mimi nimecheka, na nimewahi kula moja, Mungu anisamehe. Lakini fare ya kutoka Tena hadi Rongai haina hatari sana. Mkikosana huko unatoka geti, unapanda gari hadi tao, unapanda ingine hadi Tena, na saa tatu usiku uko steji unanunua smoki. Hata ukikosa pesa kabisa, kuna binamu yako mahali fulani Lang'ata. Kisiwani binamu hakuna.

Wacha niwapigie hesabu ya kutoka Lamu, kwa sababu mimi niliipiga nikiwa nimefungiwa chooni na simu ina chaji asilimia 19. Kwanza boti kutoka Lamu hadi Mokowe, 150. Halafu basi la Mokowe hadi Mombasa, kupitia Witu, Garsen na Malindi, karibu siku nzima barabarani, na askari wanasimamisha gari wakikagua vitambulisho, kwa hivyo hata kitambulisho usiache kwa mkoba wa mtu. Hiyo ni 1,200. Ukifika Mombasa, matatu hadi Miritini kwa treni, 150. Treni yenyewe 1,500, maana tangu Januari 2024 siti ya kawaida ilitoka 1,000 ikapanda. Ukishuka Syokimau usiku, teksi hadi Tena 900. Jumla 3,900, na hapo hujakula wala hujalala Mombasa. Kuna basi la moja kwa moja hadi Nairobi, ndiyo, lakini hilo nalo halibebi mtu wa 340.

Kilichotokea si kitu kikubwa cha kusimulia. Yule jamaa hakunipiga. Siku ya tatu tulikosana juu ya simu, alitaka kuona nilikuwa naandikiana na nani, nikakataa. Akasema kwa sauti ya pole sana, hata hakukasirika, "Kama hutaki, si urudi tu kwenu." Alijua siwezi. Yeye ndiye alilipa chumba, treni, basi, hata maji ya kunywa. Nikaangalia salio. Nikafikiria kumpigia mama, nikakumbuka nilimwambia niko Kitengela kwa bebi shawa ya rafiki. Ungemwanzia wapi mzazi kama huyo? Basi nikatoka, nikampa simu akasoma, nikaomba msamaha kwa kitu sikufanya, nikavaa dera, tukaenda Shela kupiga picha. Siku mbili zilizobaki nilicheka kila alipocheka.

Na nyinyi mkaandika "goals."

Sisemi wanaume ndio wabaya. Hata huyu wangu wa sasa nilipomwambia nataka turudi Lamu, lakini kila mtu abebe pesa yake ya kurudi, aliumia. Tulikuwa tumekaa nje kwa ngazi za ploti yao. Akaniuliza, "Kwani unapanga kuniacha kabla hata hatujafika?" Nikamwambia hapana, napanga kukaa na wewe kwa sababu nataka, si kwa sababu sina nauli. Akanyamaza sana. Halafu akasema kitu ambacho sikutarajia: alikuwa ameshafikiria kukopa kwa apu ya simu ndiyo anilipie kila kitu, kwa sababu vijana wenzake wa hadwea wangemcheka wakisikia demu amelipa.

Hapo ndipo tulianza bajeti. Na wacha niwaambie, kuvuliana nguo ni rahisi kuliko kuonyeshana taarifa ya M-Pesa. Nilijua analipwa vizuri kunishinda. Sikujua kila mwezi anatuma karo ya mdogo wake kule Busia kabla hajanunua hata unga. Yeye naye alidhani video zinanilipa kama zile za watu wa Kilimani. Nikamwonyesha. Novemba nilipata elfu tisa. Akacheka mpaka nikakasirika, halafu mimi pia nikacheka.

Tulichokubaliana ni hiki, na nawapa tarakimu zangu jinsi zilivyo kwa daftari, zenu zitakuwa tofauti. Watu wawili, siku sita, mwisho wa Juni. Treni kwenda na kurudi, 6,000. Basi la Mombasa hadi Mokowe, kwenda na kurudi, 4,800. Boti, 600. Matatu za Miritini, 600. Teksi za Syokimau, 1,800. Usiku mmoja Mombasa, 2,000, hii watu wengi husahau, kwa sababu hatutaki kushuka treni tukimbilie basi bila kulala. Lamu usiku nne kwa gesti ya mjini, 3,000 kila usiku, hiyo 12,000. Chakula 1,500 kwa siku sisi wawili, 9,000. Kuenda na jahazi pamoja na watu wengine, 3,000. Inafika 39,800.

Mtu ataniambia Juni ni baridi na upepo wa kusi. Ndiyo, na mvua ya masika inaweza kuwa bado imebaki kidogo. Lakini Desemba, Pasaka na Agosti bei zinapanda, na mwenye gesti hana haja ya kukusikiliza. Juni anakusikiliza. Pia tunalala mji wa kale wala si Shela, kwa sababu Shela ni ya wenye pesa, na kutoka mjini kwenda ufuo wa Shela unatembea kando ya bahari kama dakika arobaini, bure. Mji wenyewe ndio uliwekwa kwa orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, kwa hivyo hizo vichochoro, milango ya kuchonga na punda wanaokusukuma ukutani hulipii kuvitazama. Asubuhi ni mahamri na mbaazi. Jioni viazi karai na juisi ya ukwaju. 1,500 kwa siku inatosha kama hamtaki kamba kila usiku. (Na jamani, ni mji wa Waislamu wanaoishi maisha yao. Funga leso ukitoka ufuoni.)

Zanzibar? Nitaenda siku moja. Lakini kama huna pasipoti, ile ya kurasa 34 ni 7,500 siku hizi, na hiyo kwetu ni usiku mbili na nusu wa gesti. Na kama shida yako ni kusema tu umelala kisiwani, Mombasa yenyewe ni kisiwa. Nenda ulale Mji wa Kale, utakuwa hujadanganya mtu.

Sasa, kwa kugawa. Kuna wale wa nusu kwa nusu, na kuna wale wa mwanaume alipe. Zote mbili sizipendi. Nusu kwa nusu inakaa haki mpaka ukumbuke mmoja analipwa mara mbili ya mwingine; huyo mdogo ndiye atarudi Tena na deni la nyumba. Sisi yeye anatoa 24,000, mimi 15,800. Tulibishana siku mbili hadi tukafika hapo. Nilitaka kutoa zaidi kwa kiburi tu, akaniambia, "Wewe lipa kodi kwanza." Alikuwa na haki.

Lakini juu ya hizo kuna laini ya mwisho, na hiyo haikuwa ya kubishaniwa: kila mtu 4,000 yake, kwa simu yake, nje ya bajeti. Hakuna kuazimana, hakuna kununulia mtu zawadi nayo. Ni ile 3,900 na shilingi mia ya maji. Mimi najumlisha 19,800, na kwa miezi sita ni 3,300 kwa mwezi, yaani 110 kila siku. Hiyo ni sahani ya chipsi pale steji. Naziacha chipsi, na ninaumia kila jioni, sitawadanganya.

Kuna rafiki yangu anasema nikipanga hivi naua mapenzi, kwamba raha ya kupelekwa ni kutojua. Namwelewa. Tumelelewa hapa Eastlands tukihesabu kila kitu, sukari ya kupima, umeme wa tokeni ya hamsini, na mtu akikuambia "wewe njoo tu, usijali" unahisi kama umepumzishwa kubeba mtungi. Ni hisia tamu kweli. Mimi niliihisi kutoka Syokimau hadi siku ya tatu.

Na nyinyi wenzangu wa kamera, wacheni kuposti "Lamu wawili kwa elfu kumi na tano." Nimewahi kupewa chumba bure mahali nikatengeneza video kama nimelipa. Sikusema. Kuna mtu mahali aliona ile video akapanga na mpenzi wake kwa bei ambayo haipo, na mmoja wao akafika huko akiwa na 340. Nikipewa kitu bure tena nitaandika kwa herufi kubwa, na mkiona sijaandika mnishike.

Mama nimeshamwambia, kwa njia. Safari ya Juni, na nani, na wapi. Alinyamaza, akauliza huyo kijana ni wa wapi, kisha akauliza kama nitamletea achari ya maembe. Ya ile safari ya kwanza bado sijamwambia. Labda anasoma hapa. Mama, pole.

Jana usiku jamaa amenitumia picha ya skrini: 4,000 yake iko tayari, peke yake kwa akaunti ya akiba, ameipa jina "Asinitoroke." Mimi niko na 1,150. Nani ana duka Umoja ama Donholm anataka video ya bei poa?