Wanafunzi wafunzwe kusoma leseni za programu

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii hutumiwa kumkemea mvivu apendaye visingizio, na katika shamba la mahindi huenda ina ukweli wake. Katika shamba la tarakilishi, hata hivyo, nadiriki kusema kwamba asiyechagua jembe lake kwa makini huenda akalima asivune. Vijana wetu vyuoni hujifunza kuunda programu kwa bidii ya kupigiwa mfano, lakini ni wachache mno wanaofunzwa kusoma leseni za vyombo wanavyovitumia. Kasoro hii ni ya lugha kama ilivyo ya sayansi, na ndiyo sababu mimi, mwalimu wa isimu, nimeona vyema kuizungumzia.

Kijana mmoja aliwahi kunijia ofisini akiwa na karatasi mkononi. Alikuwa ameiundia shule moja ya upili programu ya kuhifadhi kumbukumbu za karo na alama za mitihani. Programu hiyo ilifanya kazi barabara kwa mihula miwili. Kisha shule ikaiacha hifadhidata yake ya awali na kuchukua nyingine, ya kulipiwa, nayo programu ikagoma. Kumbe kile chombo alichokitumia kilikuwa cha toleo la bure, na toleo hilo halikuundwa kufanya kazi na hifadhidata za kulipiwa. "Daktari, hebu nisaidie kuelewa hapa," aliniambia. Tukaisoma leseni pamoja, sentensi baada ya sentensi, katika Kiingereza kile cha mawakili. Sharti lenyewe lilikuwa pale tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyemdanganya, hakuwa amelisoma.

Wakati huohuo mhasibu wa shule alikuwa amerudia madaftari, na baadhi ya watoto walikwisha kurudishwa nyumbani kwa deni ambalo wazazi wao walikuwa wamelilipa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ni bayana basi kwamba suala la leseni si la wataalamu peke yao.

Msomaji asiye mtaalamu atauliza: chombo hiki ni kitu gani hasa? Programu nyingi za leo huandikwa kwa lugha kama Java, ambazo huuona ulimwengu kama mkusanyiko wa vitu: mwanafunzi, darasa, mwalimu. Hifadhidata kwa upande wake hupanga kila kitu katika majedwali, na aghalabu huulizwa maswali kwa lugha iitwayo SQL. Baina ya pande hizi mbili husimama chombo ambacho kazi yake ni kuoanisha vitu na majedwali. Kwa lugha yetu sisi wanaisimu, huyo ni mkalimani. Na yeyote aliyewahi kukaa mahakamani anajua kwamba mkalimani akinyamaza, kesi husimama. Ndiyo maana masharti ya kumwajiri hayafai kupuuzwa.

Tutazame mifano miwili. Hibernate, chombo kilichoanzishwa na Gavin King mwaka 2001, ni mkalimani maarufu sana katika Java. Kwa miaka mingi kilitolewa kwa leseni ya LGPL, ambayo humruhusu mtu kukitumia hata katika programu ya kuuza, ila akikibadilisha chombo chenyewe na kukisambaza, hana budi kuyatoa mabadiliko hayo kwa masharti yaleyale. Toleo la 7, lililotoka mwaka 2025, limehamia leseni ya Apache, isiyomdai mtumiaji kutoa mabadiliko yake. Jina ni lilelile, lakini masharti yamebadilika. Aliyesoma leseni miaka kumi iliyopita akadhani amemaliza, hana budi kuisoma tena.

Mfano wa pili ni jOOQ, kutoka Uswisi. Si wa ukoo uleule kamili, maana huikumbatia SQL badala ya kuificha, lakini ni jirani wa karibu. Tangu mwaka 2013 chombo hiki kimekuwa na matoleo ya namna mbili. Toleo huria hutolewa chini ya leseni ya Apache, nalo hushughulikia hifadhidata huria kama vile PostgreSQL na MySQL. Anayetaka kukitumia pamoja na Oracle au SQL Server hulipia mojawapo ya matoleo ya kibiashara. Malipo hayo hukadiriwa kwa idadi ya wasanidi, si kwa idadi ya mitambo inayoendesha programu. Hakuna hila hapo. Mwenye chombo naye anakula jasho lake, na masharti ameyaweka wazi kwa yeyote anayesoma.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotufaa. Waingereza wana neno moja linalomaanisha kisicholipiwa na pia kilicho huru. Tangu Richard Stallman atangaze mradi wa GNU mwaka 1983, watetezi wa programu huru wamelazimika kueleza mara kwa mara kwamba wanazungumzia uhuru, si bei. Sisi tuna maneno mawili: bure na huru. Toleo la majaribio la siku chache ni la bure, lakini si huru. Programu huru nayo yaweza hata kuuzwa, mradi mnunuzi abaki na ruhusa ya kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuisambaza. Kwa hivyo anayelinganisha matoleo aulize maswali matatu. Bei yake ni ipi, na inakadiriwa kwa kipimo gani? Uhuru wake ni upi? Na upeo wake unaishia wapi? Kijana wangu aliuliza swali la bei peke yake, na swali la upeo ndilo lililomwangusha.

Najua wapo watakaosema kwamba mwanafunzi maskini hana nafasi ya kuchagua, na kwamba programu za kulipiwa hunakiliwa kiholela kila siku bila mtu kukamatwa. Hoja ya umaskini naielewa. Hoja ya wizi siikubali. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaziorodhesha programu za tarakilishi miongoni mwa kazi za fasihi. Basi mwalimu anayemkataza mwanafunzi kunakili insha ya mwenzake, kisha akafumbia macho programu ya wizi katika maabara, anafunza mambo mawili yanayopingana. Isitoshe, umaskini ndio sababu kubwa zaidi ya kusoma leseni. Tajiri akikosea atalipa. Shule ya kijijini ikikosea itarudi kwenye madaftari.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila mradi wa mwisho wa masomo ya tarakilishi uwe na ukurasa mmoja unaotaja vyombo vilivyotumika, leseni ya kila kimoja, na kitakachotokea hifadhidata ikibadilishwa. Ukurasa huo utahiniwe na upewe alama kama sehemu nyingine za mradi. Pili, walimu wa lugha na walimu wa tarakilishi wakae pamoja na kuzisoma leseni hizi darasani kama matini. Ndani yake mna istilahi, masharti, vighairi na utata. Ni zoezi la ufahamu lenye manufaa kuliko vifungu vingi tunavyowapa wanafunzi. Wakizifasiri kwa Kiswahili, hata kwa muhtasari, watakuwa wamewafaa wasimamizi wa shule na hospitali wanaotia saini mikataba wasiyoielewa.

Cha kuazima hakistiri matako, walisema wazee wetu. Programu nyingi tunazozitumia tumeaziwa, na leseni ndiyo kauli ya mwenye nguo. Mwanafunzi anayehitimu bila kujua kuisoma kauli hiyo tumemtuma sokoni na vazi ambalo hajui litadaiwa lini.