Gereji ya punda iingie kwenye bei ya gunia

Mama wa Upanga anayenunua maharage Kariakoo hulipia gereji ya lori bila kujua. Mwenye lori hupiga hesabu ya matairi, breki na springi, ndipo hutaja bei ya safari. Lakini kabla ya lori yupo punda, ambaye huko Dodoma na Manyara ndiye anayetoa magunia shambani hadi barabarani. Matengenezo yake hayamo katika hesabu ya yeyote, na hapo ndipo biashara hii inapokosewa.

Nira mbaya ikigandamiza bega kwa muda mrefu hudhuru mshipa wa fahamu unaopita juu ya mfupa. Misuli hunywea na mnyama huchechemea. Kwa farasi wa mashindano, njia mojawapo ya kurudisha misuli ni maji. Dubai wamejengewa mabwawa. Uingereza, Red Rum, aliyekuwa na ugonjwa wa mfupa wa kwato, alizoezwa ufukweni na katika maji ya bahari huko Southport, akashinda Grand National mwaka 1973, 1974 na 1977.

Wapo watakaocheka kwamba punda si farasi wa mfalme. Ni kweli, na hakuna anayemwombea bwawa. Maji yakifika tumboni hubeba sehemu ya uzito wa mnyama, na kila hatua hupambana nayo, hivyo misuli hufanya kazi bila mguu kuelemewa. Mto mtulivu wenye mchanga mgumu (na usio na mamba) unatosha, mradi daktari wa mifugo ameruhusu na vidonda vimefunga. Kuogelea kwenye kina ni jambo jingine. Mwenye mgongo mbovu anaweza kuumia zaidi.

Kilicho ghali ni siku. Mshipa wa fahamu huchukua wiki, pengine miezi, na punda aliye majini haleti nauli. Njia ya mkato ya kumuuza kwa ajili ya ngozi nayo ilifungwa Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika walipoipiga marufuku biashara hiyo. Hivyo dalali anayeng'ang'ania nauli ileile kwa kila gunia anamlazimisha mwenye punda kumfunga tena mnyama anayechechemea. Nauli ipande kidogo, ilipie mapumziko na matandiko chini ya nira. Ikigawanywa kwa kilo 100 za gunia, mteja wa Upanga hataihisi.