Rwanda: Neno Samahani Haliezeki Paa

Ndugu wafanyakazi, mara nyingi tunasikia jirani zetu wa Rwanda wakisifiwa kwamba wauaji na waliofiwa wamepatana. Sifa hizo zina haki yake, lakini hazielezi yote. Sisi wa viwandani na mashambani twajua kuwa mwajiri aliyekata mshahara bila haki haambiwi aombe radhi tu, huambiwa arudishe.

Tuyatazame yaliyotendeka. Kuanzia Aprili 1994, kwa muda wa siku 100 hivi, waliuawa watu zaidi ya laki nane, wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliopinga mauaji hayo. Mara nyingi muuaji alikuwa jirani. Baada ya kuua, watu walichukua ng'ombe, wakang'oa mabati na milango, wakavuna mashamba ya marehemu. Kufikia mwaka 2000 watu zaidi ya laki moja walikuwa wamejazana magerezani wakingoja kesi, na mahakama za kawaida hazikuwaweza.

Ndipo yakaundwa mabaraza ya gacaca. Yalianza kwa majaribio mwaka 2002, yakaenea nchi nzima mwaka 2005, yakafungwa Juni 2012. Waamuzi walichaguliwa na wananchi wenzao, wala hawakulipwa mshahara. Kesi karibu milioni 2 zilisikilizwa, na zaidi ya milioni moja kati ya hizo zilihusu mali. Aliyeiba au kuharibu mali hakufungwa. Hukumu yake ilikuwa kulipa. Aliyeua, akakiri na kuomba msamaha, aliweza kupunguziwa kifungo na kutumikia sehemu yake kwa kazi za umma, kama kutengeneza barabara na matuta.

Hapana shaka faida ilipatikana. Familia nyingi zilionyeshwa mahali walipotupwa ndugu zao, zikawazika kwa heshima. Lakini wengi walioamriwa kulipa walikuwa maskini, na madeni mengi yakabaki kwenye karatasi. Mfuko wa serikali ulioanzishwa mwaka 1998 uliwasaidia manusura kwa shule, matibabu na nyumba, ila haukuwa mfuko wa fidia. Tena, makosa ya askari wa RPF hayakuletwa mbele ya gacaca, na waliofiwa kwa mikono yao hawakupata baraza la kusemea.

Wako wasemao kwamba kudai mali baada ya damu kumwagika ni tamaa. Sivyo hata kidogo. Uhai haulipiki, lakini bati na ng'ombe vinalipika. Mjane anayesukumwa asamehe mbele ya watu, naye usiku ananyeshewa, amebebeshwa mzigo wa pili. Neno samahani haliezeki paa.

Kusamehe ni hiari ya aliyekosewa. Hakuna diwani, padri wala shehe mwenye ruhusa ya kumsamehea. Kulipa ni wajibu wa mkosaji, na pale mkosaji anaposhindwa, ni wajibu wa serikali kusaidia.

Basi, ndugu, siku tutakapoitwa kusuluhisha ugomvi katika vijiji vyetu wenyewe, tushike utaratibu huu: kwanza ukweli usemwe hadharani, pili kilichochukuliwa kirudishwe, mkono wa amani uje mwisho. Wahenga hawakukosea: mtenda husahau, mtendewa hasahau.