Kioo cha lenzi kikikwama, usikimbilie koleo

Naam, ndugu msomaji, huenda nawe unayo kabatini. Kamera nzito ya chuma, mkoba wake wa ngozi umekauka, na baba au mjomba aliyeinunua miaka ya sabini hayupo tena. Siku hizi vijana wa vyuo wanazifufua lenzi za kamera hizo. Kwa adapta ya bei nafuu, lenzi ya skrubu yenye upana wa milimita 42 hukaa barabara kwenye kamera nyingi za kidijitali za kisasa, na picha zake zina ulaini fulani ambao vijana wanaupenda. Lakini ukimulika tochi ndani ya lenzi waona utando mfano wa buibui. Hiyo ni kuvu, nayo imeota upande wa ndani wa kioo. Ili kuifuta ni sharti kioo kitoke, na kioo hakitaki kutoka.

Hapo ndipo lenzi nyingi humaliza maisha yake. Mwenyewe huchukua koleo, au bisibisi aipigayo nyundo, na kwa mtelezo mmoja tu mkwaruzo wapita katikati ya kioo. Kuvu ingeweza kusubiri wiki moja zaidi; mkwaruzo hauna dawa. Hata hivyo usiiache kuvu kwa miaka. Hutoa asidi inayokula lile tabaka jembamba linalopunguza mng'ao, kisha hula kioo chenyewe.

Tuchukue mfano wa lenzi inayojulikana sana, Helios 44-2 ya milimita 58, iliyotengenezwa katika Muungano wa Kisovieti na kuuzwa pamoja na kamera za Zenit. Ni mwigo wa Biotar ya Carl Zeiss Jena ya Ujerumani. Ina vioo sita katika mafungu manne, maana yake vioo vinne kati ya hivyo vimegundishwa viwili viwili. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia. Kila fungu hushikwa na pete ya chuma yenye nyuzi za skrubu, na pete hiyo ina vitundu au mifuo miwili inayotazamana. Kwa hiyo kinachokwama hasa si kioo bali ni pete yake.

Kwa nini inakwama? Mara nyingi fundi wa kiwandani alitia tone la rangi au vanishi kwenye nyuzi ili pete isilegee yenyewe. Mara nyingine ni grisi iliyokauka, au kutu nyeupe ya aluminiamu. Na mara nyingi mno, ajabu ya Mungu, haikukwama kabisa! Kuna skrubu ndogo isiyo na kichwa iliyojificha ubavuni, nayo ndiyo inayoizuia. Basi kabla ya kutumia nguvu, zungusha lenzi polepole chini ya taa, ukague ukingo wote. Kama lenzi ni ya Kijapani, jihadhari na bisibisi ya nyota ya kawaida. Skrubu nyingi za Kijapani zina msalaba wa umbo tofauti kidogo, na bisibisi isiyokaa sawasawa huzitafuna vichwa.

Chombo unachohitaji ni spana ya lenzi, yenye ncha mbili ambazo upana wake hurekebishwa. Usijaribu kuiga kwa mkasi. Kata duara la karatasi ngumu lifunike kioo chote, uache mifuo peke yake, ili ncha ikiteleza iangukie karatasi. Kuna pete za mbele, zile zenye maandishi ya jina la lenzi, ambazo hazina mifuo hata kidogo. Hizo hufunguliwa kwa msuguano: kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokunjwa juu ya kifuniko cha chupa chenye upana wa pete, kisigusane na kioo. Kandamiza, kisha zungusha kinyume cha mwendo wa akrabu za saa. Usiibane pete kwa vidole kutoka kando, maana ikiwa yai badala ya duara itazidi kung'ang'ania. Hata filta iliyokwama mbele ya lenzi hukwama zaidi kwa sababu hiyo hiyo.

Ikikataa, sasa ndipo dawa inapoingia. Kwa ncha ya kijiti cha kuchokolea meno, weka tone dogo la asetoni kwenye mstari ambapo pete inakutana na mwili wa lenzi. Tone, si kijiko! Asetoni hulainisha vanishi, lakini pia hula rangi nyeusi na plastiki, na ikifikia vile vioo vilivyogundishwa yaweza kuharibu gundi yao. Katika lenzi za zamani gundi hiyo ilikuwa utomvu wa mti uitwao balsamu ya Kanada. Kwa grisi iliyokauka tumia mafuta ya kujazia viberiti vya utambi, ambayo hukauka bila kuacha uchafu mwingi. Subiri dakika kumi, jaribu, rudia. Haya yote yafanyike dirisha likiwa wazi, mbali na jiko, na watoto wasiwepo. Yale mafuta ya kupuliza ya kulegeza nati za gari usiyalete karibu. Hutambaa hadi kwenye vile vipande vyembamba vinavyofungua na kufunga mwanga, navyo hushikamana.

Joto nalo husaidia, kwa kuwa metali hutanuka na vanishi hulainika. Subiri kwanza dawa zikauke kabisa, kwani mvuke wake hushika moto. Tumia mashine ya kukaushia nywele kwenye mwili wa lenzi, si kwenye kioo, na uache mara unapohisi mkono hauwezi kuishika kwa raha. Ile balsamu huyeyuka kwa joto, na kioo kilichopashwa ghafla hupasuka. Kisha bana spana wima, kaza kidogo upande wa kufunga kana kwamba wataka kuimaliza pete, halafu ndipo ufungue. Mkazo huo mdogo mara nyingi huvunja vanishi. Haraka haraka haina baraka. Jaribio la kumi kesho ni bora kuliko nguvu za leo.

Pete ikilegea, piga picha kwa simu kila hatua, na uweke alama ya penseli kwenye ukingo wa kioo kuonyesha upande uliotazama mbele. Kuvu ifute kwa pamba laini iliyoloweshwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa, halafu kitambaa safi. Vioo vilivyogundishwa usivitumbukize. Madoa yasiyofutika ni kioo kilicholiwa tayari, na kwa kawaida hayaharibu picha sana.

Neno moja la usalama: lenzi ni salama kufungua, lakini kamera yenye taa ya flashi ndani yake usiifungue nyumbani. Kapasita yake huweza kubaki na umeme wa takriban volti 300 hata betri zikitolewa.

Wakazi wa pwani, wekeni lenzi katika kopo linalofunga vizuri, pamoja na vifuko vya silika. Wengine hutumia mchele. Mchele una vumbi la wanga, na wanga ni chakula cha kuvu. Ukimaliza kuunganisha, toka nje uielekeze lenzi kwenye mlingoti ulio mbali. Kama hauonekani wazi hata ukizungusha hadi mwisho, kuna kioo kilichorudishwa kinyume. Fungua tena, sasa pete ni laini.