MAONI: Mashini ipime kazi, isipime sura ya mufanyakazi

Wafanyakazi 13 wa biro, kwenye kituo kimoja cha jeshi la Marekani karibu na Boston, walikubali jambo lenye wengi wangeliogopa: kukaa siku 5 bila barua pepe. Hawakuwa maaskari, walikuwa raia wenye kazi yao yote inapita kwenye kompyuta. Walivaa kifaa chenye kilipima mapigo ya moyo, na programu moja ilihesabu ni mara ngapi wanatoka kwenye dirisha moja la kompyuta na kuingia katika lingine.

Jaribio hilo liliongozwa na Gloria Mark, profesa kwenye Chuo Kikuu cha California, Irvine, na matokeo yalitolewa mwaka 2012. Wakati walikuwa na barua pepe, watu hao walibadilisha dirisha karibu mara 37 kwa saa moja. Bila barua pepe, mara 18 tu. Na moyo wenyewe ulitulia: ule wasiwasi wa kungojea ujumbe kila mara ulipunguka.

La maana zaidi ni kile Mark alifanya na hesabu hizo. Hakusema kama mufanyakazi fulani ni muvivu, wala kama mwingine hana moyo wa kazi. Alionyesha kosa liko katika namna kazi imepangwa, na akashauri wakubwa wa kazi waweke saa za kusoma ujumbe, kuliko kuuacha uingie kila dakika. Kifaa kilipima watu, lakini kilichohukumiwa ni kazi.

Leo kuna wenye wanataka kugeuza mambo. Wanauza kamera na programu zenye zinaangalia sura ya mufanyakazi na kusema: huyu anafurahi, huyu amekasirika, huyu amechoka na kampuni. Hapo mashini inakuwa hakimu, na mutu hana namna ya kujitetea.

Tena ni hakimu mwenye hana ushahidi. Mwaka 2019, Lisa Feldman Barrett na wanasayansi wenzake 4 walichunguza maandishi zaidi ya 1.000 juu ya sura na hisia. Waliona kwamba mutu mwenye hasira anakunja sura karibu mara 30 tu kwa mia moja. Na mara nyingi mutu anakunja sura bila hasira yoyote: anatafuta kosa katika hesabu, macho yanamuuma, ao ameacha mutoto mugonjwa nyumbani. Je, mutu huyo akatwe mushahara juu ya kamera?

Wenye kuitetea mashini hiyo wanasema inaweza kuona usingizi wa dereva mbele ya ajali. Ni kweli, na hilo halipaswe kukataliwa. Ndiyo sababu sheria ya Umoja wa Ulaya juu ya akili bandia inaruhusu sababu za afya na usalama. Lakini tangu tarehe 2 Februari 2025, inakataza kutumia mashini kusoma hisia za watu kazini na masomoni. Microsoft nayo ilitangaza mwaka 2022 kwamba inaondoa kazi ya kusoma hisia katika programu yake ya kutambua sura.

Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya Ulaya. Huku Bukavu, Goma ao Bunia, kuna mashirika mengi yenye makao yao makubwa ni ng'ambo, na vyombo vya kazi vinatoka kule. Kile kimekatazwa kule kisije kuwa halali juu ya mufanyakazi Mukongomani. Kongo ina sheria ya mambo ya kidijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, yenye inazungumzia pia ulinzi wa habari za mutu binafsi. Sindika za wafanyakazi ziisome sasa, mbele kamera haijatundikwa ukutani, na ziulize maswali matatu: nani anaona picha hizo, zinachungwa muda gani, na mufanyakazi akikataa itakuwa namna gani?

Wale 13 wa Boston walikubali kupimwa, na faida ilikuwa ya wafanyakazi. Mukubwa wa kazi mwenye anataka kujua kama watu wake wamechoka, aanze kuwauliza. Kuuliza hakuombe kamera.