Mji Uliobomoa Jumba Lake

Wengi katika darasa letu husema kwamba mji unaoendelea ni ule unaobomoa vya kale na kujenga vipya. Mimi sikubali, na shahidi wangu ni mji wa Kitchener, jimbo la Ontario, nchi ya Kanada. Si mji mkubwa sana. Hesabu ya mwaka 2021 ilipata watu 256,885. Zamani uliitwa Berlin, maana wenyeji wake wengi walikuwa wa asili ya Kijerumani, na jina hilo likabadilishwa mwaka 1916 wakati wa vita.

Katikati ya mji, kando ya barabara ya King, lilisimama Jumba la Halmashauri lililojengwa mwaka 1924, na nyuma yake soko la wakulima. Kufika miaka ya 1960 watu wengi walikwisha kupata motokaa, na maduka makubwa yakajengwa nje ya mji, penye nafasi ya kuziweka. Wenye maduka wa mjini wakaogopa, nao walikuwa na haki ya kuogopa. Basi likaletwa shauri kwamba jumba na soko viondolewe, pajengwe jengo moja kubwa la maduka. Angalieni sana jambo hili, ndugu wasomaji: raia waliulizwa. Mwaka 1971 walipiga kura, na walio wengi wakakubali. Mwaka 1973 jumba likabomolewa.

Jengo jipya likaitwa Market Square, na nguzo yake ilikuwa duka la Eaton's. Lakini mtu anayeingia jengoni na motokaa yake, akanunua, akaondoka, ataifaidia nini barabara ya King? Kampuni ya Eaton's ikafilisika mwaka 1999. Soko likahamishiwa jengo lake lenyewe mwaka 2004. Na mnara wa saa wa lile jumba? Ulikuwa umehifadhiwa vipande vipande, ukasimamishwa tena katika bustani ya Victoria mwaka 1995. Ni kama mtu aliyeuza ng'ombe akabaki na kengele.

Kilichouinua mji ni vile visivyobomolewa. Kiwanda cha kale cha ngozi cha Lang kiligeuzwa afisi za watu wa kompyuta. Kile cha viatu vya mpira cha Kaufman kikawa nyumba za kukaa. Na mwaka 2016 kampuni ya Google ilihamia katika kiwanda kingine cha kale. Treni ya umeme ikaanza kupita mjini mwaka 2019.

Hata hivyo neema hiyo haikuwafikia wote, kwani kodi za nyumba zilipanda mno. Mwishoni mwa mwaka 2021 watu wasio na makao walipiga mahema katika kiwanja cha serikali ya mkoa, karibu na afisi hizo za Google. Wakubwa wakaenda mahakamani ili wawaondoe. Januari 2023 jaji akakataa, kwa sababu nafasi za kulala zilizokuwako hazikuwatosha. Wenzangu wanaosifu maghorofa ya Kitchener wanieleze kwanza habari ya kiwanja hicho.