Mwanauchumi na Kibindo cha Maskini



Wazazi wa Babati wauzao mahindi na mbaazi ili kumsomesha mwana chuo kikuu wana haki ya kuuliza: elimu hiyo ya juu itamfaa nani?

Tumtazame marehemu Profesa Benno Ndulu, aliyezaliwa mwaka 1950 na kufariki Februari 2021. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, akafundisha uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafanya kazi Benki ya Dunia, kisha akawa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania tangu 2008 hadi 2018.

Mwaka huohuo wa 2008 M-Pesa ilianza nchini, na sheria ya mifumo ya malipo haikuwapo bado. Benki Kuu ingeweza kuifunga njia hiyo mpaka sheria itungwe. Badala yake iliruhusu huduma iendelee chini ya uangalizi wake, fedha za wateja zikitunzwa katika benki za biashara. Sheria ilikuja mwaka 2015. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa watu wazima 65 katika kila 100 walitumia huduma rasmi za fedha, na wengi waliingia kwa mlango wa simu. Mkulima ambaye hajawahi kukanyaga benki akaweza kupokea fedha ya mwanawe aliye Dar es Salaam bila kumtegemea kondakta wa basi.

Lakini mlango uliofunguliwa kwa maarifa waweza kufanywa mwembamba. Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilianza. Wananchi wakalalamika, nayo Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Sisi hatuipingi kodi, kwani shule na zahanati hujengwa kwayo. Twasema tu kwamba hesabu ya sera ianzie kwa yule atumaye shilingi elfu tano, kabla ya tozo kutangazwa, wala isingoje malalamiko.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Vijana wetu msomao uchumi, chukueni shahada zote mziwezazo. Lakini kila mnapoandika pendekezo, ulizeni kwanza litaacha nini katika kibindo cha mama auzaye nyanya sokoni. Asipokuwamo katika hesabu zenu, hesabu hizo hazijakamilika.